Sufuria ya Harusi na Namba Kumi na Tatu

Sufuria ile ilikuwa ya kikundi, si ya mtu mmoja. Wanawake wa mwani wa kwetu Kibuyuni waliinunua kabla mimi sijajiunga nao, na ilikuwa ikikaa katika banda letu la sabuni, imefunikwa kanga kuukuu, kwa sababu hapakuwa na nyumba yenye nafasi ya kuiweka. Ikitokea harusi au matanga, watu walikuja kuiazima. Dada yangu alipoolewa, biriani lake lilipikwa humo, na mimi nilipewa kazi ya kuisugua kwa mchanga mpaka ikang'aa.

Nami ndiye niliyeiharibu.

Siku hiyo mwenyekiti wetu alikuwa amekwenda Msambweni kumtazama mgonjwa hospitalini. Bandani tulibaki watatu: mimi, jirani yetu mmoja ambaye kwa ukubwa wake humwamkia shikamoo kila asubuhi, na mama mwingine aliyekuwa akisaga mwani mkavu. Sabuni yetu hatuipiki motoni. Tunayeyusha kostiki katika maji, tunaiacha ipoe, tunaimimina katika mafuta ya nazi pamoja na unga wa mwani, tunakoroga mpaka iwe nzito kama uji, kisha tunaitia katika trei igande. Kostiki ni zile chengachenga nyeupe za dukani zinazochoma ngozi. Ikiingia majini hupata joto yenyewe bila kuni, kwa hiyo huyeyushwa katika ndoo ya plastiki ngumu. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Wenzangu hawakuipenda kwa sababu ya moshi wake, na mimi niliipenda kwa sababu mtu akishika kostiki hasemeshwi.

Ndoo ilikuwa imekaa juani siku nyingi. Nilipoiinua, kitako kikapasuka. Jirani yetu akatazama huku na huku, akasema tuchukue sufuria ya harusi, kwani ni chombo tu, tutaiosha. Nilisita kidogo, lakini yeye ni mkubwa wangu. Nikaitoa ile kanga, nikatia maji, nikavaa glavu, nikaanza kumimina kostiki kidogo kidogo.

Mwanzo ilipata joto kama kawaida. Kisha ikaanza kutoa sauti, kama mafuta yanapopokea samaki mbichi. Povu la kijivu likapanda mpaka karibu na ukingo. Mvuke wake ukatukwaruza koo, tukakimbilia nje. Tulipodhani imetulia, tuliimimina vivyo hivyo katika mafuta, tukakoroga hadi adhuhuri. Sabuni haikuganda. Ilibaki kama tope la kijivu. Na sufuria, ndani, ilikuwa nyeusi, ina vishimo vingi kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Nilipoijaza maji ili niioshe, mchanga chini yake ukalowa. Ilikuwa imetoboka.

Kwetu husemwa kuna watu wenye mkono wa baridi na watu wenye mkono wa moto. Mwenye mkono wa baridi akipanda, mti huota. Akikanda, unga huumuka. Mwenye mkono wa moto hunyausha. Mwenyekiti wetu ndiye anayejulikana kwa mkono wa baridi. Kamba za mwani anazozifunga yeye hazikatiki, na miche ya watu wengi pwani yote ile huanzishwa na yeye kwa baraka. Mimi, miezi michache kabla ya siku ile, mwani wangu ulikuwa umegeuka mweupe na kuvunjikavunjika baharini. Wa watu wengine pia ulikuwa umegeuka, lakini baada ya sufuria uliokumbukwa ni wangu.

Mwenyekiti aliporudi hakunigombeza. Aliitazama sufuria, akapitisha kidole juu ya vile vishimo. Jirani yetu ndiye aliyesema, mbele ya kikundi kizima, "Huyu mtoto hata akichemsha maji, yataungua." Watu wakacheka. Hakusema ni nani aliyeshauri tuichukue sufuria, na mimi pia sikusema. Mwenyekiti akaamua kwa upole kwamba nirudi kwenye kamba za baharini, na kazi ya kostiki apewe mtu mwingine. Akaniambia mikono haifanani, nisione vibaya.

Niliona vibaya. Sikulia, ila niliamua jambo moja: nitajua ni nini kilichochemka mle ndani. Kama ni mkono wangu, nitakubali na kukaa mbali na vyombo vya watu maisha yangu yote. Kama si mkono wangu, nataka kazi yangu.

Mdogo wangu alikuwa kidato cha pili. Jioni alikuwa akiketi mkekani na kitabu chake cha kemia, akihifadhi majina ya elementi huku akiyumba mbele na nyuma kama tulivyokuwa tukiyumba chuoni tulipohifadhi sura za Kurani. Haidrojeni, heliamu, lithiamu. Nilikuwa nimeyasikia majina hayo wiki nzima bila kuyasikiliza. Jioni moja nikasikia: sodiamu, magnesiamu, aluminiamu.

Nikamwuliza kama hiyo aluminiamu ndiyo ya sufuria. Akatazama ukurasa wake.

"Dada, mimi sijui. Kwenye mtihani hawaulizi sufuria."

Nikamwomba kitabu. Akanipa kwa sharti nisikitie mafuta.

Kitabu kile kilikuwa cha Kiingereza, na mimi nilimaliza darasa la nane tu. Nilisoma ukurasa mmoja kwa siku mbili, na wakati mwingine mistari mitano kwa jioni nzima, nikiandika upande mmoja maneno ya kitabu na upande wa pili maneno yangu. Bahari ikipwa nilikwenda kwenye kamba zangu, na huku nikifunga miche nilirudia yale niliyoandika.

Kitu cha kwanza nilichokielewa ni namba. Kila kitu kimejengwa kwa chembe ndogo mno zinazoitwa atomu. Katikati ya atomu kuna kiini, na ndani ya kiini kuna protoni. Hesabu ya protoni ndiyo jina. Zikiwa kumi na moja, hiyo ni sodiamu, popote ilipo, iwe ndani ya chumvi au ndani ya kostiki. Zikiwa kumi na mbili, ni magnesiamu. Zikiwa kumi na tatu, ni aluminiamu. Mwanzoni nilidhani kuongeza protoni moja ni kama kuongeza konzi ya mchele katika sufuria, yaani unapata kilekile kingi zaidi. Sivyo. Nilikuja kulielewa nikiwa katika sala. Magharibi ni rakaa tatu. Mtu akikusudia kuongeza ya nne, hajapata Magharibi kubwa zaidi, ameitoka Magharibi. Mfano huu una kasoro, kwa kuwa Adhuhuri na Isha zote ni rakaa nne na bado si sala moja. Kwa atomu hakuna mbili zenye hesabu moja na majina mawili. Lakini ulinifikisha nilipotaka kufika: kitu huwa kile kilicho kwa hesabu iliyo katikati yake, na wala si kwa mkono unaokishika.

Cha pili kilinichukua muda mrefu zaidi. Nje ya kiini kuna elektroni, na idadi yake ni sawa na ya protoni. Kitabu kilizichora juu ya maduara, moja ndani ya jingine. Nilichukua punje za mahindi nikazipanga mkekani. Duara la ndani hubeba mbili. Linalofuata hubeba nane. Zinazobaki hukaa nje. Sodiamu nikaipanga mbili, nane, moja. Aluminiamu, mbili, nane, tatu. Bibi yangu alipita akauliza kwa nini ninachezea chakula.

Za ndani hazitoki, na hazishughuliki na mtu. Zile za duara la nje ndizo zinazokutana na vitu vingine. Sodiamu ina moja tu huko nje, na huiachia upesi kiasi kwamba ikiwa peke yake haiwezi kukaa hata na maji, huwaka. Klorini, namba kumi na saba, ina saba huko nje na imepungukiwa na moja tu. Zikikutana, ile inatoa na hii inapokea, na baada ya hapo zote mbili hutulia. Hiyo ndiyo chumvi. Niliinuka nikaenda jikoni nikatazama kopo la chumvi. Sodiamu huwaka, klorini ni sumu, na sisi tunazitia katika mchuzi wa samaki kila siku kwa sababu zimekwisha kupeana.

Nikadhani nimepata jibu. Nikaandika: sodiamu iliyo katika kostiki ndiyo iliyoila sufuria. Lakini nilipolisoma tena halikukaa sawa. Kama sodiamu ndiyo inayokula sufuria, mbona maji ya chumvi hayaili? Tunapika humo kila siku. Nikaliandika swali hilo kwenye karatasi, nikampa mdogo wangu ampelekee mwalimu wake wa kemia. Aliona haya kuipeleka, akakaa nayo siku tatu mfukoni, nami nikamkumbusha kila asubuhi mpaka akaipeleka.

Katika siku hizo tatu bibi aliniuliza kwa nini sina raha. Nikamweleza. Akaniuliza kostiki tuliitia wapi. Niliposema sufuria, akaguna.

"Sisi sabuni tulikuwa tukiifanya kwa majivu ya makumbi ya nazi. Maji ya majivu tulikuwa tukiyatia chunguni. Sufuria nyeupe hatukuitumia. Mama yangu alikuwa akisema sufuria nyeupe ina haya."

"Ina haya vipi, bibi?"

"Hubadilika rangi. Mwenye haya si hubadilika rangi?" Akanitazama usoni akacheka, kwa sababu uso wangu mwenyewe hubadilika mtu akinisemesha.

Nikarudi kwenye kitabu. Katika majivu kuna potasiamu, namba kumi na tisa. Nikazipanga punje, na kitabu kikanionyesha kwamba hapo duara la tatu nalo huishia nane: mbili, nane, nane, moja. Moja huko nje, kama sodiamu. Kitabu kimeziweka katika safu moja, hii chini ya ile, kwa sababu tabia zao zinafanana. Basi maji ya majivu ya bibi na kostiki ya dukani ni ndugu. Kina bibi walikuwa wanajua kwamba havipatani na sufuria. Kilichosahauliwa ni sababu, na baadaye hata katazo lenyewe likasahauliwa, tulipoanza kununua kostiki ya paketi na kudhani ni kitu kipya.

Jibu la mwalimu lilikuja nyuma ya karatasi yangu ileile. Aliandika kwamba swali ni zuri na kwamba nimekosea mahali pamoja. Sodiamu ndani ya kostiki imekwisha kutoa ile elektroni yake moja, kama ilivyo ndani ya chumvi, nayo imetulia. Inayouma ni ile inayofuatana nayo, oksijeni na haidrojeni zilizoshikana. Kisha akaeleza habari ya sufuria. Aluminiamu ina elektroni tatu huko nje na ni nyepesi kuzitoa. Mara tu inapoguswa na hewa, hutoa, na oksijeni hupokea, na juu yake hufanyika ngozi nyembamba isiyoonekana. Ngozi hiyo ndiyo inayoilinda. Sisi tunadhani sufuria ni kitu kipole, kumbe upole wake ni wa ile ngozi. Kostiki huiyeyusha. Aluminiamu ikibaki uchi, maji huishambulia, na povu linalotoka ni gesi ya haidrojeni. Mwisho akaandika: tumieni plastiki ngumu au stili, msifanye karibu na moto, gesi hiyo hushika moto, na pumueni hewa safi.

Nilijaribu kwanza peke yangu nyuma ya nyumba, nikiwa na glavu, katika makopo ya plastiki. Kipande cha mfuniko wa sufuria kuukuu kilichemka. Kijiko cha stili hakikufanya lolote. Kigae cha chungu hakikufanya lolote. Nikarudia kesho yake, na kesho kutwa. Mara zote tatu ilikuwa vilevile.

Lakini nilijua watasema nini. Watasema kimechemka kwa sababu nimekitia mimi. Nilikaa na neno hilo siku nyingi, na jinsi ya kulijibu niliipata nikiwa majini hadi magotini, nikimtazama mwenyekiti akifunga miche kwenye kamba zake mbali kidogo na zangu.

Siku ya mkutano, baada ya wanawake kutoka baharini, nilisimama. Nilikuwa nimeandika maneno yote kwenye karatasi, lakini sikuisoma. Nikaikunja. Nikatoa salamu, wakaitikia, nikasema ninaomba niwaonyeshe kitu. Makopo mawili niliyaweka nje ya banda, mbali na jiko la chai. Kila kopo lilikuwa na maji ya kostiki. Nikamwendea mwenyekiti, nikampa glavu na kipande cha mfuniko.

Akakitazama. "Hiki nikitie humo?"

"Ndiyo, mama."

"Kisha kichemke, watu wanione? Unataka kunitia aibu, mwanangu?"

"Hapana, mama. Hapa hakuna asiyeujua mkono wako. Nataka mkono huo unitolee ushahidi."

Sikujua kama amekasirika. Alizivaa zile glavu polepole, kidole baada ya kidole, akasema bismillahi, akakitumbukiza kipande. Kwa muda hakukuonekana kitu. Kisha vipovu vikaanza pembeni, vikaongezeka, kopo zima likawa la kijivu, likatoa ile sauti ya siku ile. Wanawake wakarudi nyuma. Mimi nikachukua kijiko cha stili, nikakitia katika kopo la pili kwa mkono wangu mwenyewe. Maji yakatulia kama ya kisimani. Nikamwomba mwenyekiti atie kipande kingine katika kopo hilohilo la pili. Akatia. Likachemka, kijiko changu kimo humohumo, hakina habari.

"Basi na mwenyekiti naye ana mkono wa moto," alisema jirani yetu, na safari hii watu walicheka wakimtazama yeye.

Mwenyekiti hakucheka. Akaniuliza, kama si mkono, ni nini. Nikasema ni aluminiamu, na kwamba haiwezi kufanya vingine. Nikachukua fimbo nikachora mchangani: kiini chenye kumi na tatu, kisha mbili, nane, tatu. Nikasema hizi tatu za nje ndizo zilizochemka. Nikaeleza ile ngozi. Sikueleza vizuri, nilirudi nyuma mara mbili, na mama mmoja akauliza iwapo na sisi tunaopika humo tunakula hizo tatu. Nikasema sijui vya kutosha kumjibu, nitauliza.

Ndipo jirani yetu akaondoa kanga mdomoni. Akasema kwa sauti ndogo, bila mzaha, "Mimi ndiye niliyemwambia achukue sufuria. Yeye hakutaka."

Nilitazama mchanga. Mwenyekiti akamwambia, "Umekaa na hilo siku zote hizi?" Naye akasema ndiyo.

Sufuria ya harusi haikupona. Mwezi uliofuata palikuwa na harusi, na ikabidi watu waazime nyingine kutoka Shimoni, na wapo waliosema biriani halikuwa na ladha. Wapo pia wanaosema mpaka leo kwamba mkono ni mkono, chuma ni chuma. Siwapingi. Mwenyekiti alinirudishia kazi ya kostiki siku ileile, kwa sharti nimfundishe kila anayeingia bandani kabla hajagusa chombo. Nilikubali, ingawa hiyo ndiyo sehemu ninayoiogopa zaidi ya kostiki.

Asubuhi ya kwanza ya kurudi kazini nilinunua ndoo mpya, nikaandika ubavuni kwa rangi nyeusi: KOSTIKI TU. Nilichukua muda mrefu kuyaandika maneno hayo mawili, nikitaka herufi zikae sawa. Mwenyekiti alisimama nyuma yangu nilipokuwa nikimimina. Alikuwa ameleta ile sufuria, akaipindua karibu na mlango, akaikalia kama kiti. Alitazama maji yalivyopata joto na kutulia bila povu.

"Moja, mbili, tatu za nje," alisema, kama anayekumbuka bei ya kitu sokoni. "Na hii ndoo ina ngapi?"

Nikamwambia plastiki si elementi moja, ni kaboni na haidrojeni zilizoshikana kwa mnyororo mrefu. Kaboni ni ya sita: mbili, nne. Ila namna hizo nne zinavyoshikana bado sijaifikia katika kitabu.

"Basi ifikie," alisema.

Sabuni iliganda usiku ule. Tuliikata asubuhi, na kisu kikapita sawasawa.